Mama Usipa na Swali Lake: Nani Anakohoa Humu Ndani?

Ukungu wa kijiji cha Maguu bado umelala juu ya mashamba, na tayari sauti ya Bonifasia Kinunda imepanda mlima kabla yake mwenyewe. "Usipaaa! Usipa wa Mbamba Bay!" Milango inafunguka. Akina mama wanatoka na mabakuli, wakianza kubishana na kipimo chake hata kabla hajatua beseni.

"Mama Usipa, kopo lako limepungua tangu juzi," anatania mmoja.

"Kopo halijapungua. Wewe ndiye umezidi kunenepa," anajibu, kisha anamwongezea kiganja kimoja.

Hiyo ndiyo kazi ya mama huyu wa miaka thelathini na minane, aliyezaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa akaolewa huku juu kwa Wamatengo. Gunia la dagaa hao wadogo linapanda na lori hadi Mbinga. Baada ya hapo ni miguu yake na kichwa chake. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuifuata kahawa kwa magari yao, pesa za wakulima haijulikani zinaingia lini: kuna wiki beseni linaisha mapema, na kuna wiki anarudi nalo zito kama alivyoondoka nalo.

Lakini ukimuuliza anajivunia nini, hataji usipa. Anataja vifua. Watoto kumi na mmoja wamepona kifua kikuu baada ya yeye kupita mlangoni kwao, na anawajua wote kwa majina na kwa utundu wao.

Ugonjwa wenyewe anaufahamu. Ulimwangusha akiwa na miaka kumi na minne. "Shuleni walinihamishia dirishani, peke yangu kama mchawi," anasema. "Nilichomwa sindano za makalio mpaka nikaliogopa benchi la kanisani." Alipona, ila shule ilikuwa imeshampita.

Kati ya wote kumi na mmoja, aliyempa kazi ni Methodi, kwa sababu ya neno moja tu.

Mwaka juzi, mama yake Methodi, Hildegardi Ndunguru, alikuwa akifungua mlango nusu. Nyuma yake mtoto wa miaka miwili alisimama mbavu nje, nywele zimepauka. Hildegardi alikuwa na mimba, na kijiji kilikuwa kimeshahukumu: mtoto amebemendwa. Yaani mama amebeba mimba nyingine mapema mno, amemharibu mwanawe kwa tamaa zake.

"Hilo ni tusi," Bonifasia anasema, sauti ikimpanda. "Ukishaambiwa hivyo, mtoto utampeleka wapi? Kliniki, ukakae na wanaokucheka?"

Hildegardi aliamua kumficha ndani na kumlisha. Hapo ndipo muuza dagaa alipostuka, maana hakuna nyumba iliyonunua usipa kama ile. "Usipa wangu unanenepesha hata paka. Nikajiuliza, huyu kwa nini hanenepi?"

Habari za mtoto hakuzigusa. Aliuliza tu, "Mwanangu, nani anakohoa humu ndani?"

Jibu lilitoka lenyewe jikoni. Mzee Joakim, baba mkwe, alikuwa kando ya moto akikohoa, mjukuu amempakata kama ilivyo kawaida yake.

"Shikamoo babu. Kikohozi hicho cha lini?"

"Marahaba. Hiki ni cha baridi tu. Kilikuja na mvua."

"Mvua ipi, babu? Mbona mvua zilikwisha zamani na kahawa imeshachumwa?"

Mzee hakutaka kusikia habari za zahanati. Tangu mambo ya kuchangia matibabu yaanze, alisema, hata kumsalimia nesi kuna risiti. Bonifasia akamwambia dawa za kifua kikuu ni bure, mzee akacheka. Basi akamwambia maneno ambayo hata leo machozi humlenga akiyasimulia: "Babu, kama ni baridi, utarudi unicheke. Kama si baridi, unammaliza huyu uliyempakata."

Mzee Joakim alimtazama mjukuu wake. Akamshusha mtoto polepole, akaomba koti lake.

Makohozi yake yalikutwa na wadudu wa kifua kikuu. Methodi naye akapigwa picha ya kifua, ikaonyesha ameambukizwa, na babu na mjukuu wakaanza dawa pamoja. Mkojo wa mtoto ulipogeuka mwekundu, Hildegardi alitaka kuacha. "Hiyo ni rangi ya dawa, si damu," Bonifasia akamtuliza, na tangu siku hiyo hakupima usipa mlangoni pale mpaka vidonge vimezwe mbele yake.

Mtoto akaanza kushiba na kujaa. Lile neno, hata hivyo, lilikuwa bado linatembea kijijini.

Jioni moja wanaume wa ukoo walikutana kwenye sengu, mahali wanapokula pamoja na kumaliza mambo yao. Mzee Joakim alikataa kunawa. "Mke wa mwanangu hakubemenda mtoto," alisema. "Ni mimi niliyemkoholea. Atakayelirudia neno lile, anitukane mimi kwanza." Hakuna aliyegusa tonge.

Hildegardi alikuwa nyuma ya ukuta, analeta chakula. "Nililia mpaka ugali wa pili ukaungua," anasema sasa, akicheka.

Bonifasia anataka swali lake liulizwe kliniki kabla mtoto hajawekwa kwenye mzani. Anapanga pia kuwafundisha wauza vitunguu na wauza ndizi, yeyote anayefunguliwa mlango.

Anaposema hayo, Methodi anateremka mbio na bakuli, anaita "Usipaaa!" kwa pumzi moja ndefu mpaka mbwa wa ng'ambo ya bonde wanaitikia.

"Sikilizeni kifua hicho," anasema Bonifasia, na kumjazia bakuli mpaka linamwagika.