Sungura wa Bibi na Jirani

Juzi niliingia mgahawa mpya kule mtaa wa Parkdale, huku ughaibuni tunakoishi, nikamkuta mhudumu akiwasifia wateja mchuzi wa sungura wa Kikrioli, utadhani ameuvumbua yeye. Nilipandwa na hasira, rafiki yangu, nikatoka bila kuagiza. Mchuzi ule mimi nimekua nikiula.

Miaka ya elfu mbili na kitu tuliishi ghorofani mtaa wa St. James Town, mji huu huu: mimi, mama, na bibi aliyekuja kutoka Tanzania kunilea. Bibi hakujua Kiingereza. Jirani yetu, mama wa Kikrioli kutoka kisiwa cha Morisi, hakujua Kiswahili. Kila Jumamosi jirani alileta sungura mmoja, wakamgawana jikoni kwetu. Yeye alikaanga nusu yake kwa nyanya, tangawizi na pilipili mpaka rojo likawa zito. Bibi akaipika yake kwa tui la nazi. Kisha walibadilishana mabakuli, wakacheka, kila mmoja kwa lugha yake. Mimi nilinyonya mifupa.

Ikafika siku ya wazazi shuleni. Darasani tulikuwa na sungura mweupe kwenye kizimba, wa kubembelezwa tu na watoto. Bibi, aliyefuga sungura maisha yake yote, alimpapasa mgongo, akaridhika.

"Mwambie mwalimu huyu amenona," akaniambia. "Wanamchinja lini?"

Nikatafsiri, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mwalimu alibadilika rangi. Kesho yake akamwita mama, akamhoji tunakula nini nyumbani, na kama mimi niko salama. Salama na nani, na bibi yangu? Mwalimu huyo huyo kila mchana alitafuna mapaja ya kuku mbele yetu, na hakuna aliyemwita kumhoji.

Mama alirudi kanywea, akapiga marufuku sungura. Jumamosi jirani alipobisha hodi na nyama yake mkononi, mama alimwambia mlangoni, kwa Kiingereza na kwa adabu zote, kwamba sisi hatuli tena. Bibi alikuwa jikoni, keshaanza kukuna nazi.

"Mbona haingii?" akauliza.

Mama akafunga mlango. Jirani hakubisha tena, na baada ya muda akahama.

Watu hudhani ninalilia nyama. Nyama inapatikana. Bibi yangu alikuwa na rafiki mmoja tu katika mji huu mzima, tukamnyang'anya ili mwalimu asitufikirie vibaya. Hatukumwambia ukweli; alikufa akiamini jirani ndiye aliyemchoka.