Hesabu ya Mayai ya Mama Mkwe

Nimefundisha hesabu nyumbani siku moja tu, na nusura nifukuzwe kwenye boma la mume wangu.

Leo mmoja wenu ameuliza hapa kikundini, tunawafundisha watoto hesabu kwa kutumia nini. Sikilizeni yangu kwanza.

Ilikuwa miaka ya tisini, kule Magunga. Walimu walikuwa wamegoma, na Akinyi wangu wa darasa la kwanza alikuwa anasahau hata kutoa na kujumlisha. Nikaamua kuwa mwalimu.

Kuku wa mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta chakula. Nikachukua mayai sita aliyokuwa akilalia.

(Ndiyo, najua. Msinianze.)

"Akinyi, sita toa mbili, inabaki ngapi?"

"Sita."

"Angalia vizuri. Si nimetoa mbili?"

"Dani akiona, utarudisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia mlangoni, na Dani, yaani nyanya yake, alikuwa amesimama hapo.

Nilikosa hata pa kuweka mikono. Mama mkwe akarudisha mayai kwenye kiota polepole, kisha akanigeukia.

"Mtoto amepita," akasema. "Wewe utarudia darasa."

Kesho yake akatuletea mahindi makavu ya kuhesabia, akaketi hapo hapo kunisimamia.

Vifaranga walitoka watano. Huyo wa sita naulizwa mpaka leo.

Haya, semeni. Nyinyi mnahesabia vitu gani, na ni vya nani?