Simboli ya Wales imenikuta njiani

Wandugu, leo redio imeniumbua mbele ya binti yangu.

Tunarudi Louisville kutoka Columbus, Neema amekaa pembeni yangu. Redioni kuna kipindi cha vichekesho juu ya historia ya Wales. Mimi na Wales wapi na wapi? Lakini nilicheka mpaka nikapitiliza njia ya kutokea.

Bon. Wakafika kwenye shule zao za zamani. Mtoto akiongea Kiwales, anavishwa kibao shingoni.

Nikapiga kelele: "Simboli! Hata sisi shuleni Uvira, kule Kongo, tulivishwa kibao hicho! Mimi nilivaa mara kumi na nne, kosa kuongea Kiswahili tu. Ukatili gani ule!"

Neema akaniuliza, kwa Kiingereza chake: "Papa, na ile karatasi yangu ya nyumbani?"

Ile ninayomvisha akinijibu kwa Kiingereza. Wiki hii mara tisa.

Nikazima redio. Nikaiwasha. Nikaizima tena. Nimepita kambi mbili za wakimbizi kufika Amerika, kumbe nilikuja na yule mwalimu aliyenivisha simboli!

"Papa, washa basi. Nilikuwa nacheka."

Kiswahili safi, wandugu. Bila karatasi.

Nimeshaichana. Nani mwingine anayo nyumbani? Semeni ukweli.