Kasi ya Meza ya Dirishani

Nilipoanza kazi ya utumishi katika kiwanda cha kusindika samaki, hapa Mwanza, nilijiona najua watu. Nilikuwa nimetoka chuoni. Nimesoma ni kitu gani humfanya mtu ajitume na ni kitu gani humfanya azembee, na majibu ya yote mawili nilikuwa nayo. Mimi ni binti wa Bukoba, mtoto wa walimu. Nyumbani kwetu mambo ya namna hiyo yalijadiliwa wakati wa chakula kama wengine wanavyojadili mvua.

Ofisi yangu ilikuwa juu ya ukumbi wa kukatia minofu, na ilikuwa na kioo kikubwa kilichotazama chini. Kina mama walisimama kwenye meza zao wakiwa na mabuti, aproni nyeupe, kofia za kufunika nywele na barakoa. Sura ya mtu hukuiona. Uliona mikono tu: kisu kinaingia nyuma ya kichwa cha sangara, kinateleza juu ya mfupa, mnofu unatoka mzima, panki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, linatupwa kwenye kreti, samaki mwingine anavutwa. Meza moja ilikuwa karibu na dirisha la upande wa ziwa, tukaiita meza ya dirishani. Ndiyo iliyokuwa na kasi kuliko zote. Wageni wakija, meneja aliwapeleka hapo kwanza.

Halafu kasi ikashuka. Haikushuka kwa mtu mmoja, ilishuka kwa meza nzima, kwa pamoja, kama gari linalobadilisha gia. Meneja, mtu wa Mara mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, aliniita ofisini kwake.

"Huu ni mgomo baridi," alisema. "Wana jambo. Wewe ndiye uliyesomea watu, niambie wanataka nini."

Nilimshauri tuweke zawadi. Kila mwezi anayeongoza apewe jiko la gesi na mtungi wake, na picha yake ibandikwe pale wanapoingilia. Niliitangaza mwenyewe ukumbini. Walipiga makofi kwa adabu. Meza nyingine zikachangamka siku ileile. Meza ya dirishani haikutikisika. Hata yule dada aliyekuwa hodari kuliko wote, ambaye angelichukua lile jiko bila jasho, alikata samaki kama mtu anayekata kitunguu cha mboga ya jioni.

Jambo hilo lilinikosesha raha. Kila nilichosoma kilisema asingefanya vile.

Nikaamua kuvaa mabuti na kushuka. Niliwaambia nataka kujifunza kukata minofu, na uwongo haukuwa mkubwa. Wakanipa nafasi mwisho wa meza na kisu kisicho kikali sana. Kulia kwangu alikuwa mama wa makamo kutoka Ukerewe, mkubwa wao. Katikati alisimama mwanamke kijana niliyemfahamu, kwa sababu ruhusa yake ya kurudi kazini niliipitisha mimi. Alikuwa amejifungua, na mtoto hakulia hata mara moja. Likizo yake ilikuwa bado ndefu, lakini alikuja ofisini kwangu akasema anaomba arudi. Nilimkubalia, nikamsahau.

Sasa nilimwona akifanya kazi. Alikata vizuri kwa muda, kisha mikono ikasimama. Kisu kikabaki ndani ya samaki, macho yakaenda dirishani, yakakaa huko. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwita. Lakini yule dada hodari, aliyekuwa amekwisha kumaliza samaki wake, hakuvuta mwingine. Alifuta kisu ambacho tayari kilikuwa safi. Aliyemfuata akaanza kunoa cha kwake. Mwingine akamwaga maji kwenye meza, akasugua mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Mama wa Ukerewe alirekebisha kamba za aproni, akazifungua, akazifunga tena. Mikono yote ilikuwa na kazi, na hakuna samaki hata mmoja aliyekatwa. Kisha macho ya yule kijana yakarudi, kisu chake kikasogea, na meza nzima ikaendelea. Trei zao zilijaa kwa pamoja.

Nilisahau samaki wangu. Nilitazama tena na tena, nikidhani huenda nimejidanganya, na kila mara ilikuwa vilevile.

Wakati wa mapumziko nilimfuata yule mama nje, kwenye benchi la ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo vipi?"

"Umekufa ganzi." Nikakaa. "Mama, mnamsubiri yule."

Alikunywa uji wake kwanza. "Umeona, eeh?"

"Mlikaa kikao lini?"

"Kikao cha nini?" Alinigeukia, akashangaa kweli. "Hakuna aliyesema neno. Asubuhi ile aliporudi nilimwona anatazama trei zetu zimejaa, yake haina kitu. Yale macho sikuyapenda. Nikachukua kinoo, nikanoa kisu pole pole. Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wananoa."

"Na hamjawahi kuliongelea?"

"Tukiliongelea atasikia."

Nilimwambia ningeweza kumhamishia kwenye kazi nyepesi, au kumrudisha nyumbani hadi likizo iishe. Aliweka kikombe chini.

"Nyumbani ndiko kunakomuumiza. Kuna nguo za mtoto kule. Hapa kwenye meza anapata pumzi. Ukimtoa atajua kwamba alionekana ameshindwa. Mwanangu, usimtoe."

Nilipanda ngazi kwenda kwa meneja nikiwa bado na mabuti. Nilimweleza yote. Nilitegemea anicheke, au aniulize atawaambia nini wakubwa wake. Alisimama, akaja ofisini kwangu, akasogea kwenye kioo, akatazama chini kwa muda mrefu. Nilimwona anawaona: kisu kinafutwa, meza inasuguliwa, kamba zinafungwa.

"Kumbe," alisema. Sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile. "Na mimi nikasema mgomo."

Kisha akaagiza samaki wakubwa wapelekwe meza nyingine kwa sasa ili ile ya dirishani isilemewe, ile zawadi ifutwe, na mtu yeyote asiende kuwauliza chochote wale kina mama. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na yeye asijue."

Ilikwenda hivyo kwa majuma kadhaa. Nilizoea kuwatazama kila asubuhi, lakini mshangao haukuisha. Nilijiuliza wanajuaje wote kwa mara moja, bila kuangaliana, tena kila mmoja na shida zake: huyu mume mgonjwa Usagara, huyu kodi ya chumba. Waliweka pembeni sifa ya kuwa wa kwanza, kitu walichokipenda waziwazi, na hakuna aliyemwomba mwenzake afanye hivyo.

Siku moja nilisikia badiliko kabla ya kuliona. Visu vilikuwa vikigonga meza kwa haraka. Nilipofika kwenye kioo, yule kijana alikuwa ameinama, mabega yanacheza, anavuta samaki baada ya samaki, na wenzake walikuwa wanamfukuza kama wasichana wanaokimbizana mchangani. Mmoja alicheka kwa nguvu hadi barakoa ikamshuka. Ilipofika saa ya kula walikuwa wameziacha meza zote nyuma. Chai yangu ilipoa, sikuinywa.

Baadaye mama wa Ukerewe alitualika kwake Mkolani, Jumapili baada ya misa, mjukuu wake alipopata kipaimara. Meza ya dirishani yote ilikuwepo, na mimi. Tulikula sato na ndizi nilizoletewa kutoka nyumbani. Yule kijana alikaa karibu nami. Alikuwa amenenepa kidogo, na alicheka kirahisi.

"Dada, nikushukuru," aliniambia. "Ulinikubalia kurudi. Watu walisema sitaweza. Hata mimi asubuhi ya kwanza niliogopa, niliona wenzangu wameniacha mbali. Lakini kufika saa nne nilikuwa nimewafikia wote! Na tangu hapo sijaachwa tena, hata siku moja. Ndipo nikajua bado niko mzima."

Niliinua macho. Yule dada hodari alikuwa anaomba apitishiwe limau. Mama wa Ukerewe alikuwa akimtolea mjukuu miiba ya samaki, na hakuacha.

"Mkono wako mwepesi, mwanangu," alisema. "Sisi wote tunajua."

Kijana akanitazama, akisubiri na mimi niseme. Nilitikisa kichwa kukubali, nikamsogezea sahani ya ndizi.