Damu ya Kulinganishia

Katika maabara ile ya mji wa Kaunas, kipimo cha nanga hakikuanza bila damu ya mtu mwenye afya ya kulinganishia, na kwa miaka kumi na tisa damu hiyo ilitoka mkononi mwa Liucija.

Chembe ya damu ina protini za ulinzi zinazoiambia kinga ya mwili: huyu ni wetu, mwacheni. Zimeshikizwa juu yake kwa nanga ndogo ya mafuta na sukari. Nanga ikikosekana, protini hazina pa kushika, na mwili huivunja chembe yake wenyewe; wekundu wake hutoka na mkojo wa asubuhi, na damu huweza kuganda ndani. Rangi ya kipimo hunasa kwenye nanga. Chembe isiyo nayo hubaki giza.

Genovaitė ndiye aliyemfundisha Liucija kazi. Kila alipokojoa mkojo mwekundu asubuhi, alicheka. "Bitiruti hizo, shoga. Jana nimemaliza bakuli tatu." Nani angebisha? Julai mji mzima hunywa supu baridi ya bitiruti. Alikufa damu ikiwa imeganda kwenye ini, na hakuna aliyempima, hata Liucija aliyekaa naye mashine moja. Kikombe chake kilibaki rafuni. Liucija alikiogopa, na hakuthubutu kukitupa.

Jumatatu moja, baada ya miezi mingi bila mgonjwa wa kipimo hicho, walipima damu ya mwalimu aliyeitwa Eimantas. Chembe zake ziling'aa zote. Za Liucija, theluthi moja ilikuwa giza.

"Umechanganya tyubu, dada," alisema Skaistė, mwenzake mdogo. "Au ndiyo uzee?"

"Uzee ukuanze wewe. Turudie."

Alitoa damu upya, akaandika majina mwenyewe. Wakati wakingoja, alijikuta akiomba awe kweli amechanganya, yaani mwalimu wa watu ndiye awe mgonjwa. Aliona aibu sana, na hakuacha kuomba.

Majibu yalitoka yaleyale. Safari hii Skaistė hakutania.

"Dada, mkojo wako wa asubuhi ukoje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kwa sauti ya Genovaitė kabisa, pamoja na kicheko chake. Liucija alikitazama kikombe.

"Mwekundu," alisema. "Tangu Machi. Na supu sijaigusa tangu tumzike."

Kisha akavua glavu.

"Mwalimu anangoja majibu yake. Tafuta damu nyingine ya kulinganishia."

Skaistė alikunja mkono wa koti lake, akaketi kwenye kiti cha Liucija. Akaunyoosha mkono.