Mpishi Aliyeitwa Mchafu

Pantaleo alikuwa mtu wa kunawa mikono mara tatu kabla hajagusa unga, na huyo ndiye aliyeitwa mchafu. Neno hilo alitupiwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1953, jikoni kwa meneja msaidizi wa mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, na mpaka anaingia kaburini hakulisamehe.

Aliyelitamka ni memsabu, mke wa meneja, na kisa chenyewe ni karo la kuoshea vyombo. Wiki tatu maji yalikuwa hayateremki. Ukimwaga, yanakaa yakikutazama, kisha yanashuka kidogo kidogo yakikoroma, na mwisho bomba linabeua harufu ya shimo jiko zima. Memsabu aliingia siku hiyo ameziba pua kwa leso.

"Wewe namwaga mafuta hapa," alisema. "Wewe mchafu sana, Pantaleo. Mimi nimeandika Shinyanga, wataleta mpishi mwingine. Jumatatu kama karo bado hivi, wewe kwenda. Na barua yako nitaandika kweli."

Hiyo barua ndiyo iliyomchoma. Mpishi wa siku zile alijulikana kwa barua za mabwana aliowapikia. Asiye na barua njema, hapati jiko kuanzia Geita mpaka Mwanza. Pantaleo alikuwa nazo nne, zimefungwa kwenye kitambaa, zote zinamsifu. Miaka kumi na mmoja ya moshi machoni ilikuwa mle. Barua ya tano ikisema mchafu, nani angezisoma zile nne?

Na mafuta hakuyamwaga hata siku moja! Mafuta ya nyama aliyakinga kwenye kopo akampelekea dada yake Klara, mwenye watoto wanne wa kulisha. Msukuma gani, aliyekulia nyuma ya ng'ombe kule Bugarama, atamwaga mafuta ya ng'ombe kwenye shimo? Alitaka kumuuliza memsabu swali hilo, akalimeza, likamkaa kifuani kama mfupa.

Jumamosi akaja Valerian, fundi bomba wa mgodi, na spana yake begani utadhani bunduki. Ilikuwa mara ya tatu. Akalala chini ya karo, akafungua lile bomba lililopinda, akalichungulia.

"Bwana mpishi, punguza mafuta," akasema.

"Yako wapi? Nionyeshe hayo mafuta!"

Bomba lilikuwa jeupe ndani. Valerian akakohoa, akasema basi yatakuwa yameganda huko mbele. Pantaleo akanyakua jagi la maji, akalimimina kwenye tundu la ukutani lililobaki wazi. Maji yakaenda moja kwa moja, hata tone halikurudi.

"Nini kimeganda huko mbele, Valerian? Sema!"

"Wewe pika. Mimi ndiye fundi."

Akarudishia bomba lake, akakaza, akaenda zake. Pantaleo akafungulia maji. Karo likajaa, likaanza tena kukoroma. Hapo alipiga teke mlango wa stoo hata komeo likaruka. Kumtukana fundi angeweza, lakini fundi alikwisha kuondoka, na taa za jioni zilitaka mafuta.

Kwa hasira zile zile akachukua debe jipya la mafuta ya taa, akalitoboa kwa msumari, akaliinamisha. Likatoa mafuta kwa kusitasita, ko-ko-ko, kama kila debe lenye tundu moja. Akatoboa tundu la pili upande wa juu, kama ilivyo desturi, na mafuta yakatiririka kimya. Pantaleo akaganda na msumari mkononi. Kumbe karo nalo linaomba hewa! Valerian alipolifungua chini lilipata pumzi, ndiyo maana maji yalikimbia. Alipolifunga, likabanwa tena.

Akatoka nje. Kulikuwa na bomba jembamba lililopanda ukutani kutoka usawa wa karo mpaka juu ya paa, ambalo siku zote alilidhani ni pambo la Wazungu. Memsabu alikuwa amekwenda kucheza tenisi. Pantaleo akavua aproni, akaegesha ngazi, akapanda.

Mdomo wa lile bomba ulikuwa umezibwa kwa gunzi la muhindi, likapakwa lami juu yake, ikalainishwa kwa vidole vizuri kabisa. Akalivuta kwa mikono miwili. Lilipochomoka, bomba lilishusha pumzi, na kule chini akasikia karo lote likienda kwa mkupuo mmoja.

Badala ya kufurahi, akalitumbukiza gunzi mfukoni kwa hasira. Aliyepanda paa hilo ni mtu mmoja tu: Donatus, mume wa Klara, aliyelipaka rangi mwezi wa Septemba, na kibarua hicho aliombewa na Pantaleo mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliposhuka, gunzi mfukoni, memsabu alikuwa jikoni tayari. Alifungulia maji, akafunga, akafungulia tena. Maji yalishuka bila kelele.

"Unaona?" akasema, amefurahi kweli. "Wewe kuacha kumwaga mafuta, karo zuri. Sasa mpishi wa Shinyanga hapana kuja. Nitaandika kwa barua yako: Pantaleo amejifunza usafi."

Mkono wa Pantaleo ulikuwa umeshika gunzi. Kulitoa tu, jina lake lingetakata. Lakini memsabu angeuliza nani kaziba, na kabla jua halijazama Donatus angefukuzwa mgodini, abaki barabarani na Klara na watoto wanne.

"Ndiyo, memsabu," akasema, na meno yakamuuma kwa kuyakaza.

Jioni hiyo alikwenda kwa Donatus bila hata kupiga hodi, akalitupa gunzi miguuni pake.

"Nani alikutuma kuziba bomba?"

"Yaya, hapana shemeji, sikutumwa," Donatus akasema, akiokota gunzi lake kwa mshangao. "Tundu wazi juu ya paa, na mvua zinakuja! Nikasema nisiwaachie nyumba ivuje, wataona nimefanya kazi ovyo, na wewe ndiye uliyenidhamini."

Pantaleo alifungua mdomo amtukane, akakuta Klara anamwekea kigoda.

"Kuanzia leo," akasema kwa sauti iliyopasuka, "ukiona tundu kwenye nyumba ya Mzungu, liache."

"Hata kama mvua inaingia?"

"Hata kama inaingia. Waache walowe!"