Aliyekuwa Akitia Chumvi

Kuna mtu alikuwa anatia chumvi nyumbani kwetu.

Simaanishi kwenye maneno. Simaanishi kwenye mboga. Namaanisha kwenye tangi la samaki, na ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu, mimi na mzee wangu.

Mimi sikuwa natia.

Tuanze mwanzo, msije mkasema naruka.

Kaka yangu alitaka bahari sebuleni. Wenzake wanataka sofa. Akanunua tangi dogo la kioo, pampu, taa, mawe, na ndoo ya chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Akavipanga kwenye korido. Kabla hajafungua boksi hata moja, gari likamgonga akivuka barabara.

Basi. Akafa.

Msibani nilichekesha watu. Kwenye ukoo wetu ndiyo kazi yangu.

Shangazi akasema, "Wewe mtoto una moyo wa plastiki."

"Shangazi, plastiki haiozi."

Wakacheka. Mimi nikawa naangalia midomo inavyofunguka na kufungika. Ndani sikusikia kitu. Kama ile sindano ya ganzi ya daktari wa meno, ila yangu ilichomwa mwili mzima.

Mzee hakucheka. Alinitazama tu.

Tangi nililisimamisha kwa sababu maboksi yalinizibia njia ya chooni. Sababu nyingine sina.

Muuza samaki wa mapambo, mtaani tunamwita Daktari, ndiye aliyenielekeza. Changanya chumvi na maji. Pima ukali wa chumvi kwa kipimo, nacho akaniuzia. Panga mawe, washa pampu. Halafu liache tangi wiki kadhaa bila samaki, vijidudu vya kusafisha maji vizaliane kwenye mawe.

"Sasa muda wote huo nitaangalia nini?"

"Maji."

"Maji hata bafuni ninayo."

"Kaangalie ya bafuni basi, uone kama utatulia."

Nikakaa nikaangalia maji. Yalinifaa. Hayakuniuliza kama nimekula.

Baadaye nikaweka samaki wawili wadogo, rangi ya chungwa, mistari myeupe, wale ambao kaka alikuwa hachoki kutuonyesha kwenye simu. Na kipande cha tumbawe laini, kinapunga vidole kutwa nzima kama kinamuaga mtu.

Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua kidogo. Nikawa naongeza maji matamu, yaliyochujwa. Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo, inabaki. Kwa hiyo unarudisha maji tu. Sayansi yote ndiyo hiyo.

Ila chumvi ikaanza kupanda. Leo juu, kesho juu zaidi.

Tumbawe likakunja vidole. Samaki mmoja akalala chini, anahema kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani. Na wale ndio kitu pekee cha kaka kilichokuwa bado kinapumua. Wakifa, mzee atanitazama tena vile.

Nikamfuata Daktari. "Umeniuzia kipimo kibovu."

Akakijaribu kwenye tangi lake. Kizima.

"Chumvi haina miguu, mdogo wangu. Kwenu mko wangapi?"

"Wawili."

"Hata polisi huwahitaji."

Asubuhi nikaaga naenda kazini, nikazunguka mtaa, nikarudi.

Mzee wangu, fundi cherehani mstaafu, mtu ambaye hajawahi hata kuuliza samaki wanakula nini, alikuwa ameinamia tangi na kopo la chumvi ya jikoni. Anainyunyiza kwa vidole, taratibu, kama anakoleza mboga ya mgonjwa.

"Baba."

Hakushtuka. "Umerudi."

"Unafanya nini?"

"Nawaokoa."

"Unawaokoa na nini?"

"Na wewe."

Akaweka kopo chini.

"Hawa ni samaki wa bahari. Kila siku nakuona unawamwagia maji matamu. Nikasema, huyu kaka yake alipokufa hakulia, sasa anawamaliza samaki wake kidogo kidogo. Nikikusema utaleta mizaha. Nikaona bora niwe natia chumvi nyuma yako."

Nikatafuta utani. Haukuwepo.

Nikamweleza habari ya mvuke. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye kopo.

"Kumbe anayewaua ni mimi."

"Hawajafa bado, baba."

"Na kaka yako, ulimpenda?"

"Nilimpenda."

"Mbona hukulia?"

"Hayatoki."

Akalifunika kopo. "Hata yangu. Nilidhani ni uzee."

Tukaanza kuteka maji ya tangi kwa jagi na kurudisha matamu, kidogo kidogo, maana ukishusha chumvi kwa pupa nako wanakufa. Yeye anateka, mimi namimina.

Mmoja alikufa mchana. Mwingine akala jioni.

Kama mnasubiri sehemu ya mimi kulia, haipo.

Funzo ni hili. Mtu wa nyumbani kwako akifanya jambo usilolielewa, muulize. Usimrekebishe kwa siri. Mimi na mzee tulikuwa tunawaokoa samaki walewale, kila mmoja akiwaokoa na mwenzake, na waliokuwa wanayanywa hayo yote ni samaki.